Kona ya Sayansi: Jeni Iitwayo Bila Pumzi

Safari hii zamu ya Kona ya Sayansi imeniangukia mimi, na mhariri ameniambia nisijifiche nyuma ya Kiingereza. Wengi wenu mnajua kwamba Kiswahili changu ni cha jikoni. Nikiulizwa chumvi iko wapi, najibu bila kufikiri. Nikiulizwa ninasomea nini, naanza kugugumia. Kwa hiyo nimeamua kuanzia huko huko jikoni.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nyumbani. Mama alikuwa anapika wali wa nazi, mimi nimekaa mezani nakata vitunguu.

"Mwanangu, hivi huko chuoni unafanya nini hasa siku hizi? Kila nikikupigia uko maabara."

"Nahesabu nzi, mama."

Akageuka, mwiko mkononi. "Nzi?"

"Wale wadogo wanaokuja ndizi zikiiva sana. Tena si nzi wenyewe, ni viinitete vyao, wakiwa bado ndani ya yai. Naangalia mirija yao ya kupumulia inavyojengwa."

Mama si mtu wa kukatisha watu tamaa. Alinyamaza, akakoroga tui, kisha akasema: "Lakini ulipoomba chuo si uliandika kwamba ni kwa sababu ya mapafu ya mdogo wako? Sasa huyo nzi anamhusu nini mdogo wako?"

Mdogo wangu alizaliwa wa miezi saba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kisanduku cha kioo chenye joto, mpira mwembamba puani mwake, na kifua kilichokuwa kinazama ndani kila alipovuta hewa. Leo ana miaka kumi na mmoja na ananishinda mbio. Lakini ni kweli, yeye ndiye aliyeniingiza kwenye biolojia, na mama alikuwa na haki ya kuuliza. Siku ile nilijibu "Ni hadithi ndefu," nikarudi kwenye vitunguu. Hadithi yenyewe ni hii.

Nzi hana mapafu. Wala damu yake haizungushi oksijeni mwilini kama yetu. Hewa inaingia kwenye matundu madogo na kusafiri ndani ya mirija inayogawanyika, mikubwa ikizaa midogo, midogo ikizaa midogo zaidi, mpaka ncha nyembamba kabisa zinagusa misuli, utumbo na ubongo. Ukikitazama kiinitete kilichotiwa rangi inayoshika ndani ya mirija, unaona kitu kama mti wa mkungu wakati wa kiangazi, matawi tupu pande zote mbili. Yai lenyewe lina urefu wa nusu milimita hivi. Kazi yote, kuanzia yai hadi buu anayetoka akitambaa, inachukua karibu siku moja tu kwenye joto la nyuzi 25.

Jambo lililonivuta ni swali la kitoto: nani anaiambia mirija iende wapi?

Mirija inaanza katika saa ya tano au ya sita hivi. Kila upande wa kiinitete kuna vidoa kumi vya seli, kila kidoa kina seli zipatazo 80. Mpaka hapo seli hizo ziko juu kama ngozi nyingine. Ghafla zinaanza kuzama ndani, kila kidoa kikawa kifuko. Jeni inayozipa seli hizo kazi yao vitabuni inaitwa trachealess. Ilipatikana kutokana na ule msako mkubwa wa Heidelberg, Ujerumani, ambapo Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliharibu jeni za nzi bila kuchagua, kisha wakakagua maelfu ya viinitete kuona kila kimoja kimekosa nini. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis. Jeni hii ikiharibika, vidoa havizami na mti hauoti kabisa. Ikiwashwa mahali pasipo pake, baadhi ya sehemu ambazo hazikupaswa kuwa na mirija nazo huanza kuzama. Ndiyo swichi kuu.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana hili jina lilimchekesha sana mama nilipomweleza baadaye. Trachealess maana yake ni Bila Mirija. "Jeni inayotengeneza mirija ndiyo inaitwa Bila Mirija?" Ndiyo, na dada zake wanaitwa Bila Pumzi na Bila Matawi. Watu wa nzi huipa jeni jina la balaa linalotokea ikikosekana, si jina la kazi yake. Kwa Mwingereza hili ni jambo la kuelezwa mara mbili. Kwetu sioni tabu yake. Ni ukoo gani usio na Shida, Tabu au Mashaka, mtu aliyepewa jina la hali iliyokuwepo siku anazaliwa, na pengine akawa ndiye mchangamfu kuliko wote? Shangazi yangu Tabu hajawahi kumtaabisha mtu. Basi kuanzia hapa nitaziita kwa Kiswahili.

Kifuko kikishazama, kinatoa machipukizi. Moja linaelekea mgongoni, moja tumboni, mengine mbele na nyuma yakutane na ya jirani yawe mrija mkuu mmoja mrefu. Wanasayansi wangeweza kudhani kwamba kila seli imebeba ramani: wewe kushoto, wewe juu. Kumbe hapana. Seli za mirija zina mlinzi kwenye utando wao, protini inayotengenezwa na jeni ya Bila Pumzi, breathless kwa jina la vitabuni. Kazi yake ni kupokea ujumbe. Ujumbe wenyewe unatoka nje ya mirija. Mwaka 1996 maabara ya Mark Krasnow kule Stanford ilionyesha kwamba vikundi vidogo vya seli za jirani, zilizokaa pale pale ambapo tawi litafika, hutoa protini ya jeni ya Bila Matawi, branchless. Seli za mirija zinaisikia na kuifuata. Tawi likikaribia, kikundi hicho kinanyamaza, na mara nyingine kikundi cha mbele zaidi kinaanza kuita.

Nikimfikiria dereva wa daladala ambaye hana ratiba, anasimama panapopigwa mkono, naona nimeelewa. Mfano huo haujakamilika, kwa sababu kiinitete kina utaratibu mkali wa nani apunge mkono na saa ngapi, lakini dereva kweli hajui njia. Tena watafiti walijaribu kumdanganya. Waliiwasha Bila Matawi mahali pasipostahili, na matawi yakageuka yakaenda huko. Wakiiondoa kabisa, vifuko vinabaki vifuko. Seli zipo, hai, zimejipanga vizuri, hazina pa kwenda.

Jambo jingine ambalo mimi binafsi nililisoma mara tatu kabla ya kuliamini: seli zikishazama, hazigawanyiki tena wakati mti unajengwa. Mti mzima wa kiinitete unatokana na zile zile seli 80 hivi za kila kifuko. Mirija inarefuka kwa seli kuvutana, kupishana na kujinyoosha, kama watu kwenye foleni waliobanana wawili wawili wanaposogea wakawa mmoja mmoja. Na kwenye ncha ya kila tawi kuna kiongozi. Mwaka 2006 Amin Ghabrial na Krasnow walichanganya seli zenye Bila Pumzi nzuri na zenye dhaifu katika kiinitete kimoja, wakaona kwamba nafasi ya mbele inagombaniwa. Anayesikia wito vizuri zaidi ndiye anayetangulia, na akishatangulia anawatuliza wenzake wabaki nyuma. Hakuna aliyezaliwa kiongozi.

Ila wito bila breki ni hatari. Jeni ya breki inaitwa sprouty, na hii nayo imepewa jina la balaa lake: ikikosekana, nzi anachipua matawi kupita kiasi, hata seli ambazo zingebaki kuwa shina zinajiona ncha. Utamu wake ni kwamba breki hii inawashwa na wito wenyewe. Seli ya ncha ikisikia sauti kubwa ya Bila Matawi, inaanza kutengeneza breki inayowapunguzia jirani zake usikivu. Wito unabeba kikomo chake ndani yake. Sisi binadamu tunazo sprouty nne.

Halafu kuna vipimo. Mti ukishapata umbo, nani anaamua mrija uwe na urefu gani? Seli zinamwaga ndani ya mrija kitini, dutu ile ile iliyomo kwenye gamba la kamba na mende, kisha protini fulani zinairekebisha. Protini hizo zikikosekana, mrija mkuu haujui kuacha kurefuka. Unajikunja ndani ya mwili mdogo kama mpira wa bustani uliotupwa chini. Kuuona kwenye hadubini kunachekesha mpaka ukumbuke kwamba yule buu hatatoboa.

Nimekwisha kutaja ncha nyembamba zinazogusa misuli. Hizo zina tabia ya peke yake, na hapa ndipo nilipoanza kuwa na kitu cha kumjibu mama. Ndani ya yai, mahali pa kuita pamepangwa na jeni. Buu akishatoka, mpango unabadilika. Sehemu ya mwili ikipungukiwa oksijeni, yenyewe inawasha Bila Matawi, na ncha zilizo karibu zinachipua kuifuata. Ni jeni ile ile, wito ule ule. Kwanza unatumika kujenga mti ambao kila nzi anao, baadaye unatumika kuupeleka pale palipo na njaa ya hewa kwa nzi huyu mmoja. Miili yetu hufanya kitu cha aina hiyo kwa mishipa ya damu, ambayo huchipua kuelekea penye uhaba wa oksijeni, ingawa protini inayoita hapo ni nyingine.

Na mapafu? Bila Matawi ni mmoja wa familia ya protini ziitwazo FGF. Panya anazo nyingi, na sisi pia. Katika miaka ya 1998 na 1999 vikundi viwili vya watafiti viliondoa moja yao, FGF10, kwenye panya. Vitoto vilizaliwa na koo la hewa linaloishia hewani: chini yake hapakuwa na mapafu. Vilikufa mara baada ya kuzaliwa. Nzi na panya wametengana mamia ya mamilioni ya miaka, mmoja ana mirija ya kitini na mwingine ana mapafu, lakini wote wawili hukuza matawi yao kwa kuitwa na protini za familia moja.

Mpaka hapo ningeweza kufunga, nikawaachia picha nzuri. Lakini mhariri aliniomba niseme pia nilichokifanya mwenyewe, na nilichokifanya ni kosa.

Mradi wangu ulikuwa kuchunguza jeni moja ambayo msimamizi wangu anaishuku kwamba inasaidia vifuko jirani kuungana na kuwa mrija mkuu. Kazi ni ya mikono zaidi kuliko akili. Nzi wanalelewa kwenye vichupa vya chakula cha unga wa mahindi, hamira na molasi. Harufu yake ni uji uliochacha, na nguo zako zitakuwa na harufu hiyo mpaka uhitimu. Unawawekea kisahani cha juisi ya matunda iliyogandishwa na kidonge cha hamira katikati, wanataga usiku kucha. Asubuhi unaosha mayai kwa jiki kuondoa ganda la nje, unayagandisha kwa dawa, unayatia rangi, unakaa kwenye hadubini na kaunta ya kubonyeza. Mrija mkuu mzima, bonyeza kushoto. Mrija wenye pengo, bonyeza kulia.

Nzi wenye jeni iliyoharibika walikuwa na mapengo mengi sana. Nzi wa kawaida hawakuwa nayo ila hapa na pale. Nilihesabu kwa wiki tatu. Nilichora grafu. Nilimpigia mama simu kumwambia nimegundua kitu.

Msimamizi wangu aliitazama grafu, akasema ni nzuri mno, akaniomba tuangalie picha zenyewe. Akaangalia tatu tu. Akaniuliza: "Utumbo wao una umbo gani?" Sikuwa nimeutazama utumbo. Kiinitete cha nzi unaweza kukijua umri kwa umbo la utumbo wake kama unavyojua umri wa mtoto kwa meno, na viinitete vyangu vyenye mapengo vilikuwa vichanga. Mrija mkuu hauungani mpaka kama saa kumi au kumi na moja zipite. Hivi havikuwa vimefika.

Kwa nini vichanga vyote viwe upande mmoja? Kabati la joto la nyuzi 25 lilikuwa limejaa, kwa hiyo nzi wa kawaida niliwaweka humo, na wale wenye kasoro nikawaacha kwenye meza ya dirishani. Ilikuwa Februari. Hamhitaji niwaeleze dirisha la Uingereza usiku wa Februari. Kwenye nyuzi 18 kiinitete cha nzi hukua kwa kasi kama nusu tu ya ile ya nyuzi 25. Wiki tatu nilikuwa nimepima baridi.

Nilirudi chumbani nikalala na viatu. Sikutaka kumpigia mama, lakini alinipigia yeye, maana nilikuwa nimeahidi kumweleza ugunduzi. Nikamweleza. Nilitumia maneno yote niliyokuwa nayo, na mengine nikayakwepa kwa kusema "ile kitu". Nilimwambia viinitete vile havikuwa na ugonjwa wowote. Mirija yao ingeungana. Nilivigandisha kabla ya saa yao, kisha nikaviandika kwenye safu ya walioharibika.

Kimya kirefu. Nikadhani simu imekatika.

"Daktari aliniambia hivyo hivyo," mama akasema. "Siku ya pili. Mimi nalia, naona mtoto wangu mapafu yake yana ugonjwa. Akaniambia, mama, huyu si mgonjwa, huyu hajafika tu."

Hilo sikuwahi kulisikia. Miaka kumi na moja tunaishi nyumba moja na mtoto yule, na mimi nilikuwa naamini kwamba alizaliwa na kasoro ikatibiwa. Nilienda kusoma. Kwa mtoto wa miezi saba matawi makubwa ya mapafu yameshajengwa zamani, yanamalizika tangu karibu mwezi wa nne wa mimba. Kinachokosekana ni vifuko vya hewa vya mwishoni ambavyo bado ni vichache, na utelezi unaozuia vifuko hivyo visigandamane. Kwa hiyo jibu la swali la jikoni ni kwamba Bila Pumzi na Bila Matawi hazina mengi ya kusema juu ya wiki zile za kisanduku cha kioo. Zinaeleza jinsi mti ulivyoota miezi kabla ya hapo, na hilo kwa mdogo wangu lilikwenda sawa. Ningeweza kumwambia mama kwamba nzi wangu watawaponya watoto njiti, na angefurahi, na ingekuwa uongo.

Lakini mwisho wa kazi ya yai kuna jambo moja ambalo nililimwambia akalipenda. Mirija ya nzi inajengwa ikiwa imejaa majimaji. Muda mfupi kabla ya kuanguliwa, seli za mirija zinayafyonza majimaji hayo na gesi inachukua nafasi, kwa dakika chache tu. Kwenye hadubini unaona mti uliokuwa kivuli unang'aa ghafla, kama mtu kawasha taa. Mapafu ya mtoto tumboni nayo yamejaa maji, na lazima yaondoke anapozaliwa. "Kwa hiyo nzi naye analia?" mama akauliza. Halii, hana koo la kulilia. Ila saa ile ipo.

Nimerudia hesabu. Safari hii vichupa vyote viko kabati moja, nzi wanataga kwa saa mbili tu badala ya usiku kucha, na kabla ya kubonyeza kaunta naangalia utumbo kwanza. Mapengo bado yapo kwa wenye kasoro, machache kuliko mwanzo, na bado sijui kama yatasimama. Msimamizi wangu anasema niongeze hesabu. Naongeza.

Kwa wapenda habari za kwetu: nzi huyu naye ni mtu wa ughaibuni. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyowakuta wakiishi porini kwenye vilima vya Matobo, Zimbabwe, wakifuata matunda ya mng'ongo, kabla ya hapo walijulikana zaidi kama wapangaji wa majumbani mwetu. Walioko kwenye vichupa vyangu hawajawahi kuliona tunda hilo.

Ombi kwa walimu, kabla ya mkutano wetu wa Alhamisi. Nimeandika "mrija" kote kwa sababu mama alilielewa mara moja, ingawa kamusi ninayoitumia inanipeleka kwenye koo na koromeo, viungo ambavyo nzi hana. Mwenye neno bora alilete. Na zile ncha nyembamba za mwisho, ambazo kila moja iko ndani ya seli moja, sina neno lake kabisa. Mdogo wangu amependekeza "vijirija". Mama amekataa.